HEWA YA MAROUSI: UZURI WA MJI NA KIFUA CHA MTU

Ndugu msomaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yaufaa mji wa Marousi, ulio pembeni mwa jiji la Athens nchini Ugiriki. Usidhani ni mji mgeni kwetu. Uwanja wa Olimpiki uko huko, na ndimo Agosti 2004 Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walipozoa medali zote tatu za mbio za kuruka viunzi na maji!

Katika Jiografia twafundishwa kuwa nchi za Mediterania zina kiangazi kikavu na majira ya baridi yenye mvua. Athens hupata mvua ya milimita 400 hivi kwa mwaka. Ukisoma hayo waweza kusema, "Huko ni raha mustarehe!" Lakini mimi nina pumu, kwa hiyo nilijiuliza: je, kifua changu kingestahimili? Hebu tuufuate mwaka mzima.

Kwanza, tazama umbo la mahali. Athens na vitongoji vyake vimezungukwa na milima: Parnitha (mita 1,413), Penteli, Hymettus na Aigaleo. Upande wa kusini-magharibi ndio wenye bahari. Basi moshi ukizaliwa humo hauna njia nyingi za kutokea, kama moshi wa jiko lenye dirisha moja.

Majira ya baridi ndiyo yenye moshi. Usiku ukitulia, ardhi hupoa upesi. Hewa baridi hulala chini, na ile yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Wakati huo watu huwasha kuni majumbani ili waote moto. Tabia hii ilizidi mwaka wa 2012, ushuru wa mafuta ya kupasha nyumba joto ulipopandishwa huku uchumi ukiwa taabani. Moshi huo una chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Majira ya kuchipua yafikapo, upepo wa kusini huleta vumbi kutoka jangwa la Sahara. Aprili 2024 anga ya Athens iligeuka rangi ya chungwa, mchana kweupe!

Kiangazi nacho si mchezo. Mnamo Julai 1977, kule Elefsina, magharibi mwa Athens, joto lilifika nyuzi 48. Jua kali hupika gesi za magari zikawa ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga, lakini hii ya chini hukereketa koo na kubana kifua. Tena upepo wa baharini huisukuma mchana kuelekea kaskazini, ndiyo maana vitongoji kama Marousi huweza kupata ozoni nyingi kuliko katikati ya jiji penye magari tele. Aliyehama jiji kukimbia moshi, moshi umemfuata kwa jina jingine!

Upepo wa kaskazini uitwao meltemi husafisha hewa, lakini pia huchochea moto wa misitu. Agosti 2024 moto ulifika hadi Vrilissia, jirani wa Marousi. Ahueni huja na mvua za Oktoba na Novemba.

Serikali haikukaa kitako. Tangu 1982 magari yenye nambari shufwa na ya witiri hupeana zamu kuingia katikati ya jiji. Lakini sheria ya magari haizimi kuni za majumbani.

Wenzangu, tusiwacheke. Julai ikifika na baridi yetu, ni wangapi hufunga madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani? Makaa hayo hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Toa jiko nje, fungua dirisha, ujifunike blanketi. Baridi huvumilika, pumzi ikikatika haina fundi.