Teksi ya Kampala si teksi ya Nairobi

ABIRIA anayepanda basi la usiku kutoka Nairobi hufika Kampala asubuhi. Akishuka na mizigo yake na kuuliza "taxi" iko wapi, huelekezwa kwenye gari jeupe la viti 14, ambalo haliondoki mpaka lijae. Kwao hilo ni matatu. Mtanzania angeliita daladala. Gari la kukodi peke yake, ambalo ndilo alilolitaka, Kampala huitwa "special hire". Asiyelijua jina hilo huishia kubanana kitini na mabegi yake mapajani, na pengine kulipia na kiti cha mizigo.

Ni usumbufu mdogo, lakini huwakuta wengi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya katika ibara yake ya 137. Ilichukuliwa kwamba mtu wa Mwanza, wa Kisumu na wa Mbarara wakizungumza Kiingereza wataelewana bila shida. Sokoni, hotelini na stendi za mabasi mambo ni tofauti kidogo.

Chukua chakula. Uganda, "food" ni matoke, wali, viazi au ugali. Kinacholiwa navyo, kama maharage, samaki, nyama au mchuzi wa karanga, ni "sauce". Mgawanyo huo umetoka kwenye Kiganda, chenye neno "emmere" kwa kile cha kwanza na "enva" kwa cha pili. Mgeni kutoka Dodoma akiulizwa anataka "sauce" gani, hufikiria chupa ya tomato, kumbe anaulizwa mboga.

Ugali wenyewe Kampala huitwa "posho". Neno ni la Kiswahili, na maana yake ya zamani ni chakula anachogawiwa mfanyakazi kwa siku. Uganda limebaki kwenye sahani. Tanzania limehamia kwenye bahasha: ukitaja posho Dodoma, watu wanafikiria malipo ya kikao cha wabunge. "Irish" nako Kampala na Kigali ni viazi mviringo, na "dry tea" ya Uganda ndiyo chai ya rangi ya Tanzania.

Hata simu ina lugha zake. Anayepiga na kukata kabla haijapokelewa, ili apigiwe, Tanzania amebipu, Kenya ameflashi. Vyote viwili ni Kiingereza, na Mwingereza asingetambua hata kimoja kwa maana hiyo.

Maneno mtu anaweza kuyajifunza kwa siku chache. Matamshi ni magumu zaidi, kwa sababu kila mtu huingia kwenye Kiingereza na masikio ya lugha ya nyumbani.

Mfano unaochekwa zaidi ni wa R na L. Wengi hudhani Muganda huchanganya herufi hizo ovyo. Ukweli ni kwamba Kiganda kina kanuni: baada ya irabu E na I hutokea R, kwingineko hutokea L. Majina ya mitaa ya Kampala yanaonyesha hivyo. Kireka na Luzira yana R baada ya I, lakini Kololo na Kampala yenyewe yana L. Kikuyu na Kinyarwanda pia hazitenganishi sauti hizo kama Kiingereza kinavyofanya. Kijaluo nacho hakina sauti ya SH, ndiyo maana "fish" ya Kisumu huweza kusikika kama "fis".

Wazungumzaji wa Kiswahili nao wana yao. Kiswahili kina irabu tano, wakati Kiingereza cha Uingereza kina karibu 20. Kwa hiyo "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo, hutoka mdomoni kwa sauti moja. Vivyo hivyo "live", kuishi, na "leave", kuondoka. Ushahidi mwingine umo kabatini: Waingereza hutamka "shirt" na "skirt" kwa irabu ile ile, lakini Kiswahili kimepokea shati kwa A na sketi kwa E.

Tofauti hizi zikiingia kwenye kazi huacha kuwa mzaha. "Correct" ni kurekebisha. "Collect" ni kuchukua. Karani akimwambia mfanyabiashara kwa simu kwamba ankara inahitaji "correction", naye akasikia "collection", atafunga safari kwenda kuichukua ilhali ina kosa. "Fifteen" na "fifty" hutofautiana kwa mkazo mdogo tu, lakini kati ya magunia 15 na magunia 50 kuna lori zima.

Hasara nyingine haionekani kwenye ankara. Kenya kuna neno la kejeli kwa anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kwao: "amesharabu". Wachekeshaji wamejipatia riziki kwa mzaha huo. Lakini kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa nchi kadhaa, anayeogopa kuchekwa hunyamaza. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, au Mnyarwanda aliyesomeshwa kwa Kifaransa kabla serikali yake haijaamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, anaweza kuijua bei, soko na bidhaa kuliko wote mezani. Asiposema, ujuzi wake unarudi naye nyumbani, na mkataba unaandikwa na waliosema.

Nyani haoni kundule. Anayemcheka Muganda kwa R yake huenda dakika hiyo hiyo ametamka meli kama kondoo.

Wapo walioanza kuyachukulia mambo haya kwa uzito. Mwaka 2014 mwandishi wa Uganda, Bernard Sabiiti, alichapisha kamusi ya "Uglish", Kiingereza cha nchi yake. Jumuiya nayo mwaka 2021 iliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mikataba mingi na shule nyingi za sekondari za kanda bado zinatumia Kiingereza, na lafudhi zake zitaendelea kukutana mipakani.

Kwa anayevuka mpaka kibiashara, kinga ni rahisi: idadi na bei ziandikwe kwa tarakimu, agizo la simu lirudiwe kwa ujumbe, na neno geni liulizwe kabla ya kulipa.

Na kanda ina mfano wake wa kujivunia. Mpakani mwa Kenya na Uganda waendesha baiskeli waliokuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine walinadi safari yao kwa neno la Kiingereza "border", wakalitamka kwa midomo yao wenyewe. Leo bodaboda inaeleweka Mombasa, Mbeya na Gulu. Hakuna anayewacheka kwa kulitamka hivyo. Watu hupanda, wakafika.