Upepo Uachwao Nyuma na Ndege Kubwa

Wasafiri wapitao barabara ya Mombasa karibu na Embakasi wamezoea kuziona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta. Mwenye kusimama kidogo akatazama kwa makini ataona jambo moja. Ndege kubwa itokayo Ulaya ikiisha kutua, ile ndogo ya kutoka Kisumu haiifuati papo hapo, bali huachwa nyuma kwa maili kadhaa, na njia ya kutulia hukaa tupu kwa muda, hata kama jua linawaka na hakuna wingu lo lote. Abiria mwenye haraka zake hunung'unika kwamba anacheleweshwa bure. Lakini njia ile, ijapokuwa ni tupu machoni, si tupu kwa kweli.

Kila ndege iendayo angani huchukuliwa na mabawa yake. Hewa iliyo chini ya bawa hukandamizwa kidogo, na hewa iliyo juu yake hupungua nguvu. Tofauti ya nguvu hizo mbili ndiyo inayobeba ule mzigo wote wa chuma, mafuta na watu. Sasa, kwenye ncha ya bawa hakuna ukuta wa kuizuia hewa ya chini isikimbilie juu. Hukimbia, ikipinda kuizunguka ncha, na kwa kuwa ndege yenyewe inakwenda mbele, hewa hiyo hujisokota nyuma yake kama kamba. Kwa hiyo kila ndege huburuta kamba mbili za upepo, moja kila upande. Nje ya mabawa hewa hupanda, na katikati hushuka kwa nguvu.

Watu wa pwani wataifananisha habari hii na mawimbi yaachwayo na feri ya Likoni, ambayo hutikisa ngalawa iliyo jirani. Mfano huo wafaa kwa kuanzia, lakini una kasoro, kwa maana mawimbi ya feri yaonekana, nayo hubaki juu ya maji. Afadhali mfano wa kisulisuli cha vumbi, ambacho wakaao Ukambani na Kajiado wanakijua sana wakati wa jua kali. Chukua kisulisuli hicho, ukilaze ubavu, ukinyoshe maili nyingi, kisha uondoe vumbi lote lisibaki la kuonekana. Hicho ndicho kitu ambacho rubani wa nyuma anaweza kukiingia bila kukijua. Tena hakikai mahali pamoja, bali huzama polepole, futi mia kadhaa kila dakika, na huweza kudumu dakika mbili au tatu kabla ya kuvunjika.

Nguvu yake hutegemea hasa uzito wa ndege na mwendo wake. Ndege iliyo nzito huzungusha hewa kwa nguvu zaidi, na ikipunguza mwendo nguvu hiyo huzidi. Wakati wa kutua ndege zote hupunguza mwendo, tena zote hufuata njia moja nyembamba ishukayo mpaka chini. Ndege ya nyuma ikiingia katika mzunguko huo, bawa moja husukumwa juu na la pili chini, na huenda usukani wote aliokuwa nao rubani usitoshe kuizuia isibingirike.

Tarehe 7 Januari 2017 ndege ndogo ya jeti ilipita chini ya ndege aina ya Airbus A380 juu ya Bahari ya Arabuni. Ilibingirika, ikaanguka kiasi cha futi 9,000 kabla ya marubani kuishika tena, wakatua salama Muscat, ingawa baadhi ya waliokuwamo waliumia. Walikuwa na zaidi ya futi 30,000 chini yao. Ndege inayotua haina akiba kama hiyo, kwani katika dakika ya mwisho huwa na futi mia chache tu.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama. Mwingereza Frederick Lanchester aliandika habari za mizunguko ya ncha za mabawa katika kitabu chake cha mwaka 1907, lakini kwa miaka mingi marubani wengi waliorushwa huku na huku nyuma ya ndege nyingine walidhani ni upepo wa mapanga ya injini tu. Zikaja jeti kubwa ambazo hazina mapanga ya nje, na misukosuko ikazidi badala ya kukoma. Boeing 747 ilianza kuchukua abiria mwaka 1970, na Wamarekani wakafanya majaribio kwa kutumia moshi ili mizunguko ionekane kwa macho.

Hata hivyo, asubuhi ya tarehe 30 Mei 1972, huko Fort Worth katika jimbo la Texas, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Delta ilikuwa katika mazoezi ya marubani. Haikuwa na abiria. Ndani walikuwamo watu 4 tu. Mbele yake ilikuwako DC-10, ndege kubwa zaidi, nayo ilikuwa ikigusa njia na kupaa tena. Hewa ilikuwa njema. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani aliwaonya watu wa DC-9 kwamba huenda wakakuta msukosuko, nao wakaifuata ile kubwa kwa nafasi isiyofika dakika moja. Walipokaribia kutua ndege iliyumba, ikabingirika upande wa kulia, ncha ya bawa ikapiga chini, ikapinduka. Wote 4 walikufa.

Wachunguzi walieleza kwamba marubani walionywa kweli, lakini hawakuwa na habari za kutosha za kupima ukubwa wa hatari wala kujua mahali ilipo. Tena walionyesha upungufu katika kanuni zenyewe: ndege iliyoongozwa kwa rada iliwekewa nafasi maalumu, bali ile iliyokuja kwa macho ya rubani haikupata ulinzi ule ule. Mtu aambiwapo "jihadhari" bila kuambiwa ajihadhari kwa kiasi gani, amepewa neno tu.

Siku hizi kiasi hicho kimeandikwa. Kwa kanuni za kimataifa zilizo za kawaida, ndege yenye uzito wa kilo 136,000 au zaidi huhesabiwa kuwa nzito. Iliyo chini ya hapo mpaka kilo 7,000 ni ya kati, na zilizobaki ni nyepesi. Ya kati ikifuata nzito sharti ikae maili 5 za baharini nyuma yake, na nyepesi maili 6. Airbus A380 imewekewa nafasi kubwa kuliko hizo.

Maili hizo si za kuchezea. Tarehe 4 Novemba 2008 ndege ndogo ya jeti iliyomchukua Bw. Juan Camilo Mouriño, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Mexico, ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa mji mkuu nyuma ya Boeing 767. Marubani walichelewa kupunguza mwendo kama walivyoagizwa, wakaikaribia ndege ya mbele kupita kiasi. Ndege ilianguka mjini saa ya jioni yenye magari mengi, ikawaua wote 9 waliokuwamo na watu wengine waliokuwa barabarani.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitazamii: upepo mkali wa kawaida ni rafiki, kwa kuwa huivunja mizunguko au huipeleka mbali. Mizunguko miwili ikifika karibu na ardhi huachana, kila mmoja ukienda upande wake. Lakini pakiwa na upepo mwepesi wa ubavuni, ule mzunguko ulio upande upepo utokako huzuiliwa usiende, ukakaa juu ya njia yenyewe ukimngoja ajaye.

Kwa hiyo rubani wa ndege ndogo hufundishwa kushuka juu kidogo ya njia aliyopita mkubwa, maana mizunguko huzama, na kugusa ardhi mbele ya mahali alipogusa yule, maana bawa likiisha kuacha kubeba uzito halisokoti tena hewa. Akiona nafasi haitoshi, huongeza nguvu za injini na kupaa tena, hata kama magurudumu yamekwisha kushushwa na abiria wamekwisha kuziona nyasi za uwanja, akazunguka na kuanza upya nyuma ya zamu.