Kuchagua Mada na Msimamizi wa Uzamivu katika Uchumi

Baadhi ya wanafunzi wetu husoma Kiswahili pamoja na uchumi, na wachache kati yao hufikiria kuendelea hadi shahada ya uzamivu katika uchumi. Swali wanalotuuliza ni hili: kitangulie kipi, mada au msimamizi? Sisi tunaona kwamba viwili hivi huchaguliwa pamoja. Mada nzuri iliyokosa msimamizi anayeifahamu huweza kumpotezea mtafiti miaka.

Tuanze na mada. Wengi huja na eneo pana, kwa mfano "elimu na umaskini nchini Uganda". Hiyo bado si mada. Mada hupatikana pale eneo linapozaa swali linaloweza kujibiwa. Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianza kuondoa karo katika shule za msingi, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Mtafiti anaweza kuuliza: je, waliosoma chini ya mpango huo hupata kipato kikubwa zaidi ukubwani kutokana na elimu hiyo?

Kabla ya kulikubali swali hilo, tujiulize mambo mawili. Kwanza, data zipo? Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) hukusanya taarifa za kaya, na mwaka 2009 ilianza uchunguzi unaozirudia kaya zilezile. Pili, tutamlinganisha nani na nani? Karo iliondolewa nchi nzima kwa wakati mmoja, na mambo mengine pia yalikuwa yakibadilika. Kipato kikiongezeka, tutajuaje kwamba sababu ni shule? Njia mojawapo ni kulinganisha wilaya zilizokuwa na watoto wengi nje ya shule kabla ya 1997 na zile ambazo wengi walikwisha kuandikishwa. Asiye na ulinganisho wa namna hii, hata akiwa na data tele, hana tasnifu.

Hapo ndipo msimamizi anapohitajika, na jina kubwa peke yake halitoshi. Tusome kazi zake za karibuni tuone kama anatumia data na mbinu za aina hiyo. Kisha tuwaulize wanafunzi wake: anasimamia wangapi? Hurudisha sura baada ya muda gani? Wangapi wamemaliza? Kuuliza si ujinga. Tukumbuke pia kwamba tasnifu nyingi za uchumi siku hizi huwa na makala tatu zinazohusiana. Kwa hiyo msimamizi atusaidie kuona kama mada inaweza kuzaa maswali matatu.

Wanafunzi wa lugha wasijidharau. Mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi nchini humo. Je, mabadiliko hayo yamegusa ujira na biashara ya mipakani? Hilo ni swali la uchumi, na anayeijua lugha ana nafasi nzuri ya kuliona.

Tunashauri jaribio dogo. Andika sentensi tatu: swali lako, data zako, na ulinganisho wako. Mpelekee unayetaka awe msimamizi. Akikuuliza maswali magumu kuhusu sentensi ya tatu, huenda umempata.