Kitanda cha Usiku Mmoja: Mwenye Nyumba wa Kigali Apime Faida na Hasara

Mji wa Kigali umekuwa mji wa wageni. Mwezi Julai 2016 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana katika Ukumbi mpya wa Mikutano. Juni 2022 ukafuata mkutano wa wakuu wa serikali za Jumuiya ya Madola, na Machi 2023 mkutano mkuu wa FIFA. Kisha, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, waendesha baiskeli mashuhuri wa dunia walishindana katika vilima vya mji huu, na hayo yakawa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa barabarani kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kila msafara wa namna hiyo umemfundisha mwenye nyumba wa kawaida somo moja, nalo ni kwamba kitanda kisicholaliwa ni fedha iliyolala.

Kutokana na somo hilo, biashara ya kukodisha nyumba kwa siku imeenea kutoka Nyarutarama na Kimihurura hadi Kibagabaga, Remera na Kicukiro. Wanaoifanya si matajiri peke yao. Yuko Mnyarwanda anayeishi Brussels, aliyejenga nyumba nyumbani kwao na kuitumia majuma matatu tu kwa mwaka. Yuko askari aliyetumwa kulinda amani Afrika ya Kati, ambaye nyumba yake hubaki na mlinzi. Yuko pia mama mjane mwenye vyumba viwili vya ziada uani. Wote hao wanauza kitu kimoja, yaani haki ya kulala mahali kwa muda uliopimwa. Makala haya yanakusudia kuichunguza biashara hiyo ilikotoka, inavyoendeshwa, na mahali inapoweza kumtumbukiza mtu shimoni.

ASILI YA HISA ZA MUDA

Haki ya kulala iliyokatwa vipande si jambo geni duniani. Mwaka 1963 kampuni ya Hapimag ilianzishwa huko Uswisi. Badala ya kumuuzia mtu nyumba nzima ya mapumziko, ilimuuzia hisa, na hisa hizo zikampa pointi za kutumia katika nyumba za kampuni. Mwaka 1967, katika milima ya Superdévoluy nchini Ufaransa, wateja waliuziwa haki ya kukaa katika nyumba moja kwa majuma maalumu ya kila mwaka. Mwaka 1974 ikaundwa kampuni ya RCI huko Marekani, kwa shabaha ya kuwawezesha wenye majuma kubadilishana. Mwenye juma la pwani angeweza kumpa mwenzake, naye akapokea juma la milimani.

Hatua kwa hatua juma likageuka pointi. Pointi zina wepesi wake, kwani mwanachama anaweza kuzitumia kwa usiku mmoja au kwa siku kumi, katika chumba kidogo au kikubwa. Katika msimu wa sikukuu chumba kile kile hudai pointi nyingi, na katika msimu wa mvua hudai chache. Kwa hiyo pointi ni mfano wa sarafu ambayo nguvu yake hupanda na kushuka kwa kalenda.

PALE HAKI INAPOGEUKA MZIGO

Hata hivyo, sarafu hiyo ina upande wa pili. Mwanachama hutakiwa kulipa ada ya matunzo kila mwaka, asafiri asisafiri. Katika vyama vingi pointi zisizotumika hupotea muda wake unapokwisha. Mtu aliyeugua, aliyefukuzwa kazi au aliyechoka tu hujikuta analipia kitanda ambacho hakilalii. Ndipo ulipozaliwa mtindo wa mwanachama kutangaza kwamba ana pointi za ziada na yuko tayari kumkodishia mtu mwingine. Mpangaji hupata chumba kwa bei iliyo chini ya bei ya hoteli, naye mwanachama hurudisha ada yake, na pengine faida kidogo.

Hapo hapana budi kuzingatia jambo moja la msingi. Chumba huandikwa kwa kibali cha mwanachama, hali fedha zimetoka kwa mpangaji. Mwanachama asiye mwaminifu aweza kufuta nafasi hiyo baada ya kulipwa. Vilevile chama chaweza kukataa, kwa sababu kanuni za vyama vingi haziruhusu mwanachama kufanya ukodishaji kuwa biashara kamili. Mpangaji basi amenunua haki juu ya haki ya mtu mwingine, na ngazi inapokatika, yeye aliye juu ndiye huanguka vibaya zaidi.

Afrika Kusini, nchi ambayo biashara hii imeota mizizi zaidi katika bara letu, ilitunga sheria maalumu ya kuisimamia mwaka 1983. Pamoja na hayo, malalamiko yaliendelea hata Tume ya Taifa ya kulinda walaji ikaanzisha uchunguzi mwaka 2017. Wananchi walilalamika kwamba mikataba haina mwisho, kwamba kujitoa ni kazi ngumu, na kwamba wakitaka chumba huambiwa kimejaa. Nchi za Ulaya nazo, kwa agizo la mwaka 2008, ziliamua kwamba mnunuzi apewe siku 14 za kutafakari na kuvunja mkataba bila adhabu, na kwamba asitozwe hata senti moja kabla siku hizo hazijakwisha.

HESABU ISIYODANGANYA

Turudi Kigali. Mwenye nyumba wa hapa hana pointi, lakini anayo ada yake. Mkopo wa benki, mshahara wa mlinzi, umeme na marekebisho ya bomba havingoji mkutano wala mashindano. Kwa hiyo swali lake ni lile lile la mwenye pointi: je, siku chache za msimu zaweza kulipa gharama za mwaka mzima?

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo mpangaji wa kudumu huilipia franka 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni franka 4,800,000. Mwenye nyumba akiamua kuikodisha kwa siku, kwa franka 60,000 kila usiku, atahitaji kuijaza kwa siku 80 ili apate kiasi hicho hicho. Lakini kila usiku una matumizi yake, yaani kufua mashuka, usafi, maji, umeme na sehemu ya dalali, ambaye hapa Kigali huitwa komisiyoneri. Tukikadiria matumizi hayo kuwa franka 15,000, inabaki 45,000, na siku zinazohitajika zinakuwa 107. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu na nusu ya wageni mfululizo.

Sasa tutazame juma la mashindano, ambalo liliwatia wengi tamaa. Tuseme bei iliongezeka maradufu, wageni wakalala siku nane kwa franka 120,000 kila usiku. Jumla ni franka 960,000. Kiasi hicho chapendeza machoni. Lakini ikiwa mwenye nyumba alimwondoa mpangaji wake mwisho wa Agosti ili apake rangi na kununua samani, na mpangaji mwingine akapatikana mwanzoni mwa Desemba, amepoteza kodi ya miezi mitatu, yaani franka 1,200,000. Amepata hasara ya franka 240,000 kabla hajalipia rangi wala samani. Tamaa mbele, mauti nyuma.

KODI YA SERIKALI

Wapo wanaodhani kwamba fedha ya usiku mmoja haihesabiwi na Serikali. Fikra hiyo ni potofu. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu mapato ya mamlaka za wilaya iliweka kodi juu ya mapato ya upangishaji. Kwanza mapato hupunguzwa kwa nusu, nusu hiyo ikichukuliwa kuwa gharama za matunzo. Katika kiasi kinachobaki, franka 180,000 za mwanzo hazitozwi. Kutoka hapo hadi franka 1,000,000 hutozwa asilimia 20, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Kwa mfano wetu wa franka 4,800,000, kinachotozwa ni 2,400,000, na kodi yake ni franka 584,000. Tamko la mapato hupelekwa kabla ya mwisho wa Januari ya mwaka unaofuata. Aidha, tangu Julai 2025 bei za malazi zimeongezewa ushuru wa utalii wa asilimia 3. Mwenye kuendesha nyumba yake kama hoteli ajue kwamba atahesabiwa kama mwenye hoteli.

MPANGAJI WA KUDUMU NAYE NI MTU

Liko jambo zito kuliko hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Kigali ina wakazi zaidi ya 1,700,000. Wengi wao ni wapangaji: walimu, wauguzi, madereva, makarani na vijana wanaoanza maisha. Mwalimu anayeondolewa Remera kwa sababu wageni wa siku nane wanakuja hapotezi chumba tu. Watoto wake hubadili shule katikati ya mwaka, naye hulipa nauli ya basi mara mbili kila asubuhi. Mgeni akiondoka, taa ya nyumba ile huzimwa, na mtaa hubaki na madirisha yenye giza.

Hatusemi kwamba wageni wasikaribishwe. Ukarimu ni tabia yetu, na fedha za kigeni zina kazi ya kufanya. Tunasema kwamba nyumba iliyo tupu kwa kweli, kama ile ya ndugu aliye ng'ambo au askari aliye kazini mbali, ndiyo inayofaa kukodishwa kwa siku. Nyumba yenye mpangaji mwema aliyelipa kwa wakati haifai kufanywa mchezo wa bahati nasibu.

Kwa yule anayeingia katika biashara hii, mambo manne yamtosha. Aandike mkataba hata kwa siku tatu, wenye majina, tarehe, bei kwa franka na masharti ya kuvunja. Asipokee mgeni asiyejulikana jina lake, na mudugudu ujue nani amelala hapo. Aweke kumbukumbu ya kila usiku uliolipwa. Na akiwa yeye mwenyewe ni mpangaji, asimkodishie mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba iliyoandikwa.

Naye mgeni, awe wa Kampala, Bukavu au Dar es Salaam, asitume fedha yote kwa nyumba ambayo hajaiona, kwa mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba mlango ni wake. Katika nchi ambayo kazi ya kuandikisha ardhi iliyoanza 2009 ilimaliza zaidi ya viwanja milioni 10 kwa muda wa miaka michache, kuuliza jina la mwenye kiwanja si utovu wa adabu. Mwenye haki hachukii kuulizwa hati yake.