Mafuta ya mukaratusi: dawa ya chupa iliyouzwa kama suluhisho la kila ugonjwa

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, mukaratusi ni muti wa makala, wa mbao na wa nguzo za nyumba. Unakatwa, unachipuka tena, na baada ya miaka michache unarudi kwenye tanuru. Lakini mbele ya Wabelgiji kuuleta kwenye milima hii wakati wa ukoloni, muti huo ulikuwa umekwisha kuwa na jina kubwa duniani kwa sababu ingine. Mafuta ya majani yake yaliuzwa katika chupa ndogo, Ulaya, Amerika na Australia, na matangazo ya magazeti yalisema yanaponyesha karibu kila kitu, kuanzia mafua mpaka kifua kikuu.

Historia ya chupa hiyo inastahili kujulikana, kwa sababu mafuta hayo hayakuwa uongo mutupu. Yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio uliosaidia uongo kuuzwa.

Muti wenyewe unatoka Australia. Wenyeji wa kule walikuwa wanatumia majani yake kwa vidonda na homa miaka mingi sana mbele ya Wazungu kufika. Mwaka wa 1788, merikebu za Uingereza zilileta wafungwa na askari mahali ambapo leo kuna muji wa Sydney. Wanganga wawili wa safari hiyo, John White na Denis Considen, walikamua mafuta kutoka kwa muti mumoja wa jamii ya mikaratusi wenye harufu kama ya peremende, wakayatumia kwa wagonjwa wa tumbo. Dawa walizokuja nazo zilikuwa chache, na merikebu ya kuleta zingine ilichukua miezi. Sampuli ya mafuta hayo ilipelekwa Uingereza, kisha habari ikalala kwa zaidi ya miaka 60.

Aliyeiamsha ni Joseph Bosisto, Mwingereza mwenye kujua kazi ya farmasi. Alifika Australia mwaka wa 1848. Wakati watu walipokimbilia zahabu katika jimbo la Victoria, naye alienda kuchimba, lakini hakukaa huko sana. Alifungua farmasi Richmond, kando ya Melbourne. Huko alikutana na Ferdinand von Mueller, Mujerumani aliyekuwa mutaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria. Mueller alikuwa anapenda mikaratusi kama vile wengine wanapenda ng'ombe, na ndiye aliyemusukuma Bosisto ajaribu kutengeneza mafuta kwa wingi. Katika miaka ya 1850, Bosisto akaweka mutambo wake wa kwanza kwenye kijito cha Dandenong.

Kazi yenyewe si ya ajabu, na mutu yeyote aliyeona namna pombe kali inavyopikwa kijijini atailewa mara moja. Majani na matawi madogo yanajazwa katika tangi iliyofungwa. Muvuke wa maji unapitishwa ndani yake, unabeba mafuta, kisha unapita kwenye bomba lenye kupozwa kwa maji baridi. Chini kunadondoka maji na mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanaelea juu na kuchotwa. Kwa kawaida kilo 100 za majani mabichi zinatoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Ndiyo sababu chupa zilikuwa ndogo.

Bosisto hakuwa tapeli. Alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha wafarmasi wa Victoria mwaka wa 1857, na kuanzia 1874 alikuwa mubunge. Alitaka mafuta yake yapimwe na wataalamu. Aliyaonyesha katika maonyesho makubwa ya London mwaka wa 1862 na mengine yaliyofuata, na chupa zake zenye picha ya kasuku zikajulikana mbali. Mwaka wa 1870, Mufaransa mumoja, mutaalamu wa kemia François Stanislas Cloez, alichunguza mafuta hayo na kukipa jina kitu kikubwa kilichomo: eukaliptoli, ambayo leo inaitwa pia sineoli. Mwaka wa 1885, mafuta ya mukaratusi yakaingizwa katika kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza. Hata Joseph Lister, munganga aliyefundisha dunia kuua vijidudu wakati wa upasuaji, alitumia bandeji zilizotiwa mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa sababu asidi ya kaboliki aliyokuwa anatumia ilikuwa inachoma ngozi ya wagonjwa.

Basi jina la wataalamu lilikuwepo. Wafanyabiashara wengine walihitaji tu kulisimamia jina hilo na kupaza sauti.

Karne ya 19 ilikuwa wakati wa dawa ambazo Waingereza na Wamarekani waliziita dawa za hataza. Jina hilo linadanganya. Zamani mufalme wa Uingereza alikuwa anampa mutu barua ya haki ya kuuza kitu peke yake, lakini nyingi kati ya dawa hizo hazikuwa na barua yoyote. Kupata hataza ya kweli kungelazimisha mutengenezaji aseme kilichomo, na siri ndiyo ilikuwa mali yake. Alichosajili ni jina na picha ya chupa. Zaidi ya hapo, tangu 1783 serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi dawa za namna hiyo, na stempu ya kodi inabandikwa kwenye chupa. Watu wengi waliona stempu ya serikali wakazania kwamba serikali imeipima dawa na kuikubali. Serikali ilikuwa imepokea feza yake tu. Kodi hiyo iliondolewa mwaka wa 1941.

Katika magazeti ya Australia na New Zealand, matangazo ya mafuta ya mukaratusi yalijaa ukurasa baada ya ukurasa. Mafua, kikohozi, homa, kuhara damu, maumivu ya viungo, vidonda, ugonjwa wa koo wenye kuua watoto: chupa moja kwa yote. Chini ya tangazo kulikuwa barua za watu waliosema wamepona. Wengi wa watu hao labda hawakusema uongo. Mafua yanaisha kwa siku saba, ukunywe dawa ama usikunywe. Kuhara mara nyingi kunaisha penyewe. Aliyepona aliandika barua ya shukrani, na aliyekufa hakuandika kitu. Wakati homa ya mafua iliyoitwa ya Urusi ilizunguka dunia kuanzia 1889, biashara ilipanda zaidi.

Kulikuwa pia imani ingine, kubwa kuliko chupa. Watu waliamini kwamba malaria inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na neno lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni hiyo. Mukaratusi unakua haraka, unakunywa maji mengi na harufu yake ni kali. Ikasemwa kwamba unasafisha hewa. Mufaransa Prosper Ramel alitafuta mbegu Melbourne, Mueller akasaidia, na miti ikapandwa Algeria na kusini mwa Ulaya. Watawa Watrapisti waliofika Tre Fontane, karibu na Roma, mwaka wa 1868, waliipanda kwa maelfu mahali palipojulikana kwa malaria. Walitengeneza hata kinywaji cha majani yake. Watu wakauita muti wa homa.

Mwaka wa 1897, munganga Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Hewa haikuwa na kosa. Pale mikaratusi ilipokausha bwawa, mbu walikosa maji ya kutagia mayai, na faida hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mafuta ya chupa hayakuwahi kuponyesha malaria ya mutu hata mumoja, na wale waliyonunua kwa kazi hiyo walipoteza feza, na wengine walipoteza siku ambazo wangepewa kwinini.

Hatari ya pili ilikuwa ndani ya chupa yenyewe. Mafuta ya mukaratusi yakinywewa ni sumu. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5 hivi, kinaweza kumuletea mutu shida kubwa, na kwa mutoto mudogo hata chini ya hapo kunatosha. Mudomo na koo vinachoma, mutoto anatapika, analegea na kusinzia kwa dakika chache, anaweza kupata kifafa na kushindwa kupumua. Mutoto aliyekunywa mafuta hayo asilazimishwe kutapika, kwa sababu yakiingia mapafuni hali inazidi kuharibika. Apelekwe hospitalini mara moja, na chupa ibebwe ili wanganga wajue alichokunywa.

Enzi ya dawa za siri ilianza kuvunjika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1905, mwandishi wa habari Samuel Hopkins Adams aliandika katika gazeti la Marekani Collier's mufululizo wa habari zilizofunua kilichokuwa katika chupa hizo, mara nyingi pombe na afyuni. Mwaka uliofuata Marekani ikapata sheria ya kulazimisha dawa za hatari zitajwe kwenye karatasi ya chupa. Australia ilipokea ripoti ya tume yake juu ya dawa za siri mwaka wa 1907. Mwaka wa 1909, chama cha wanganga wa Uingereza kikatoa kitabu kilichoonyesha dawa moja moja, kilichomo ndani yake na gharama yake halisi, ambayo mara nyingi ilikuwa senti chache.

Chupa nyingi zilikufa hapo. Mafuta ya mukaratusi hayakufa, kwa sababu ndani ya chupa kulikuwa kweli mafuta ya mukaratusi. Kilichopunguzwa ni ahadi. Yaliingia pia katika marashi ya kupaka kifuani: Vicks VapoRub, iliyotoka Marekani kwa mufarmasi Lunsford Richardson, ina mentoli, kafuri na mafuta hayo, na mauzo yake yaliruka wakati wa homa kubwa ya 1918. Leo utafiti juu ya sineoli, iliyotengenezwa katika vidonge vyenye kipimo, umeonyesha kwamba inaweza kusaidia watu wenye sinusitisi na ugonjwa wa mapafu. Hiyo ni dawa ya farmasi yenye kipimo, na haimaanishi mutu akunywe mafuta ya chupa.

Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, familia nyingi za Afrika zilirudi kwenye sufuria ya majani ya mukaratusi na kujifukiza chini ya blanketi. Muvuke unaweza kumupa mutu nafuu kwa muda, pua ikafunguka kidogo. Hakuna ushahidi kwamba unaua virusi, na maji ya moto yanayomwagika chini ya blanketi yanaunguza, zaidi sana watoto.

Siku hizi China ndiyo inayotoa mafuta mengi zaidi ya mukaratusi duniani. Chupa ya Bosisto bado inauzwa Australia. Lakini kule, sheria inayaweka mafuta hayo katika kundi la sumu: chupa kubwa zinaandikwa neno hilo juu yake, na kifuniko kinatengenezwa ili mutoto asiweze kukifungua kwa urahisi.