Siku Zajulikana, Maumivu Hayajulikani

Katika nyumba nyingi za Wahindu huko India zinazoshika mila ya zamani, mwanamke akiingia mwezini nyumba nzima hutambua. Haingii jikoni, hagusi chombo cha achari, wala hakaribii mahali pa ibada. Mama mkwe hujua, mawifi hujua, hata watoto hujua kwa kuwa siku hiyo chakula kimepikwa na mwingine. Ajabu ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo, mwanamke akijikunja kitandani kwa maumivu ya chini ya kitovu, hakuna aulizaye. Siku zenyewe zina kanuni zake. Maumivu hayana hata jina.

Padma Lakshmi, mwandishi wa vitabu vya mapishi na mtangazaji wa televisheni, alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, akapelekwa Marekani angali mtoto. Alivunja ungo akiwa na miaka 13, na tangu hapo kila mwezi alilazwa kitandani siku kadhaa. Mama yake alikuwa muuguzi, lakini naye aliumwa vivyo hivyo, akadhani ndilo fungu la mwanamke. Basi binti akavumilia kama mama alivyovumilia. Alikuwa na umri wa miaka 36 ndipo alipoelezwa jina la ugonjwa wake: endometriosi. Miaka 23 ilikwisha kupita, tena katika nchi isiyo na upungufu wa hospitali! Mwaka 2009 alishiriki kuanzisha shirika la kuwaelimisha watu juu ya ugonjwa huo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nyama laini zinazofanana na utando wa ndani wa tumbo la uzazi huota nje yake: juu ya vifuko vya mayai, kwenye matumbo, au kando ya kibofu. Mwezi ukifika huvimba na kuvuja damu isiyo na njia ya kutokea, na makovu yake huweza kuunganisha viungo vilivyopasa kuachana. Ndiyo maana wengine huumwa hata wasipokuwa mwezini, wakiwa chooni au wakikutana na waume zao. Hukadiriwa kwamba katika kila wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa, mmoja hivi anao. Wengi hudhani ni chango tu.

Kwa msichana wa Kihindi asiyeolewa, njia ya kwenda kwa daktari ina miiba. Wazazi huchelea kipimo cha ndani kwa sababu ya ubikira, na huchelea zaidi habari zisije zikafika kwa watakaoposa. Akiisha olewa, mume huona mkewe anamkwepa usiku naye hudhani hapendwi. Mama mkwe huhesabu miezi akingoja mjukuu. Mwanamke amezungukwa na watu, kila mmoja ana shauri lake, na hakuna aliyeambiwa ukweli.

Walio maskini hupatwa na jambo zito zaidi. Wilaya ya Beed, katika jimbo la Maharashtra, hutoa wakata miwa wengi. Mume na mke huajiriwa pamoja na kuhesabiwa kuwa mundu mmoja. Mwanamke akilala kwa maumivu, ujira hukatwa na faini hutozwa. Mwaka 2019 uchunguzi wa serikali ya jimbo ulionyesha kwamba, kati ya wanawake zaidi ya 82,000 waliohojiwa, zaidi ya 13,000 walikuwa wameondolewa tumbo la uzazi, na baadhi yao walikuwa hawajatimiza hata miaka 40. Si wote waliokuwa na endometriosi. Wako wenye uambukizo ambao huenda ungalitibika kwa dawa. Na aliye na endometriosi huweza kuendelea kuumwa hata baada ya kukatwa, kwani kinachomuuma kiko nje ya tumbo hilo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamuru majimbo yafuate mwongozo wa kuzuia upasuaji usio wa lazima.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu kabisa haijapatikana. Vipo vidonge vya kutuliza maumivu, vipo vya homoni kama vile vya kupanga uzazi, na upo upasuaji wa kuondoa vinyama vilivyoota. Vingi kati ya hivyo hupatikana mapema ikiwa mgonjwa atasema mapema. Yafaa atie alama kwenye kalenda kila siku aumwapo, aandike wapi na kwa kiasi gani, kisha ampelekee daktari. Mume naye, akiwa likizoni kutoka kambini, afuatane naye, kwani maneno ya mke peke yake mara nyingi hupuuzwa. Na daktari akisema kwamba picha ya tumbo haikuonyesha kitu, aulizwe tena: vinyama vidogo vya endometriosi mara nyingi havionekani katika picha hiyo.