Ile ‘moja’ ya kubeba huenda wapi? Muulize mtoto mwenye abakasi

Jumapili usiku dada yangu alinitumia tangazo kwa WhatsApp. Picha ya mtoto aliyefumba macho, vidole vinacheza hewani, na maandishi makubwa: mtoto wako atapiga hesabu haraka kuliko kikokotoo. Chini yake, ada ya muhula, na si pesa kidogo. Kisha swali la dada: “Nilipe ama hawa ni matapeli?”

Mpwa wangu ana miaka 8, yuko Gredi ya 3. Kujumlisha anajumlishia vidole chini ya dawati, na vidole vikiisha, machozi yanaanza. Namwelewa kabisa. Mimi pia niliimbishwa “andika 4, beba 1” na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hiyo 1 naibeba napeleka wapi. Niliibeba tu hadi chuoni, na somo la takwimu lilikuwa mojawapo ya vitu vilivyonifanya nifunge virago mwaka wa pili. Kwa hivyo sikumjibu dada haraka. Nilikaa chini nikasoma.

Abakasi inayouzwa kwa matangazo kama hayo mara nyingi ni soroban, ile ya Wajapani. Ni fremu yenye vijiti vilivyosimama, na upau mmoja unaovikata kwa upana. Kila kijiti kina shanga 5: moja juu ya upau na nne chini. Ya juu ni 5, za chini ni 1 kila moja. Shanga huhesabiwa tu ikisukumwa hadi ikaguse upau. Kijiti cha kulia ni cha mamoja, kinachofuata kushoto ni makumi, halafu mamia. Unataka 7? Shusha ya juu, pandisha mbili za chini. Basi.

Sasa jaribu 8 + 6. Kwenye kijiti cha mamoja tayari una 8, yaani shanga ya 5 na tatu za chini. Ukitaka kuongeza 6, nafasi hakuna. Hapo mtoto anafundishwa “marafiki wa 10”: rafiki wa 6 ni 4. Kwa hivyo anatoa 4 kwa mamoja na kupandisha shanga 1 kwa makumi. Kutoa 4 pia kuna ujanja wake: anaondoa ile ya 5, anarudisha 1. Zinabaki 4 upande wa mamoja na 1 upande wa makumi. Ni 14.

Umeona ilipoenda ile 1? Mtoto ameisukuma kwa kidole chake mwenyewe.

Na usidhani ni mchezo wa watoto. Novemba 12, 1946, jijini Tokyo, Mjapani Kiyoshi Matsuzaki alishindana na mwanajeshi wa Marekani, Thomas Nathan Wood. Mmoja alikuwa na soroban, mwingine kikokotoo cha umeme. Soroban ilishinda 4 kwa 1. Mashine iliambulia kuzidisha pekee. Wachina nao wana abakasi yao, suanpan, na mwaka wa 2013 UNESCO iliingiza ufundi wao wa hesabu za shanga kwenye orodha ya urithi wa utamaduni.

Yule mtoto wa tangazo anayechezesha vidole hewani hafanyi kiini macho. Baada ya mazoezi mengi, fremu inaondolewa na mtoto anaiwaza kichwani, anasukuma shanga ambazo hazipo. Wajapani huita hiyo anzan.

Lakini tangazo halikusema yote. Watafiti kutoka Marekani walifuatilia watoto wa shule ya msingi mjini Vadodara, India, kwa miaka 3. Wengine walifundishwa abakasi ya kichwani, wengine wakapewa hesabu za ziada za kawaida. Waliofundishwa abakasi walipata nafuu zaidi kwa hesabu. Kumbukumbu na akili kwa jumla? Hazikupanda kuliko za wenzao. Kumaanisha, ukiahidiwa jiniasi, shika pochi yako. Ukiahidiwa mtoto atakayejumlisha vizuri akifanya mazoezi, hapo mnaweza kuongea.

Hata hapa mtaani akili ya namna hii ipo. Mpe mama mboga noti ya 200 kwa vitu vya 130. Hatafuti karatasi. Anapanda tu: 130 mpaka 150 ni 20, mpaka 200 ni 50, shika 70 yako. Mikono yake ilishika sarafu miaka mingi kabla kichwa hakijaanza kukimbia. Na wengi wetu chekechea tulivalisha vifuniko vya soda kwenye vijiti vilivyochomekwa kwa udongo. Shida ni kwamba vile vijiti viliondolewa mapema, kabla hatujaelewa.

Basi nilimwambia dada asubiri kidogo. Nilinunua shanga 15, pakiti ya vijiti vya mishikaki, nikakata boksi la viatu. Vijiti vitatu, upau wa kadibodi, chini ya shilingi 200. Ukitaka kujaribu, wiki ya kwanza aonyeshe tu namba 0 hadi 9. Halafu marafiki wa 5, kisha wa 10. Dakika 10 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Usimpigie saa, na akikosea usimnyang’anye fremu. Akizoea, ifunike kwa kitambaa umwambie aiwaze.

Sisi tuko wiki ya tatu. Bado hajaifunika, na kwa kutoa bado anajikwaa. Lakini juzi nilimpa 27 + 15. Akasukuma, akarudisha, akanyamaza kidogo, kisha akanivuta shati.

“Anko, ona, mamoja yamejaa. Hii moja inahamia kwa jirani.”

Dada ameniuliza tena kuhusu ile ada. Nimemwambia aende akaketi darasani siku moja kwanza, aone kama watoto wanashika shanga au wanaimba tu.